Kanuni ya Jess: nani atahesabu mara tatu za watu wetu?

Tangu Septemba 2025 madaktari wa mitaani England, hawa tuliozoea kuwaita GP, wanatakiwa kufuata kile kinachoitwa Kanuni ya Jess. Mgonjwa akirudi mara ya tatu na dalili zile zile, na ugonjwa haujajulikana au hali inazidi kuwa mbaya, daktari aanze upya: ampime ana kwa ana, aagize vipimo vingine, aombe maoni ya daktari mwenzake au ampeleke kwa bingwa.

Jina limetokana na Jessica Brady, mhandisi wa miaka 27. Mwaka 2020 aliwasiliana na kliniki yake mara zipatazo 20, akilalamikia maumivu ya tumbo, kikohozi, kutapika na kukonda. Hatimaye alionwa na daktari wa kulipia, ndipo saratani ikagundulika, nayo imeshaenea. Alifariki Desemba mwaka huo huo, wiki 3 baadaye. Wazazi wake ndio walioipigania kanuni hii.

Sasa tujiulize. Ikiwa Mwingereza msomi, anayezungumza lugha moja na daktari, alizungushwa hivyo, itakuwaje kwa mama aliyetoka Mombasa au Bukavu ambaye mkalimani wake ni mwanawe wa darasa la sita? Mgongo unauma, miguu ina ganzi, usingizi hakuna. Anapewa panadoli, anarudi nyumbani na kunyamaza, maana kwetu kumuuliza daktari mara mbili huonekana utovu wa adabu. Safari ya pili anakuta daktari mwingine, naye anaanza ukurasa mpya. Wenye sikoseli wanalijua hili zaidi: ripoti ya wabunge ya Novemba 2021 ilieleza jinsi wagonjwa hao, wengi wao weusi, wanavyopuuzwa wakiwa katika maumivu makali.

Udhaifu tunaouona ni kwamba kanuni hii ni mwongozo tu, si sheria, na yote inategemea hesabu. Anayenyamaza hahesabiwi. Heri mgonjwa aitaje mwenyewe: "Hii ni mara ya tatu kwa jambo hili hili," na aombe iandikwe kwenye faili. Maoni ya daktari wa pili si haki ya kisheria England, ila ni nadra kunyimwa ukiyaomba. Mkalimani naye ni bure; mwombe pale unapopanga miadi, mtoto aende zake shule.