Jumamosi Katikati ya Pasaka



Siku za Pasaka zikikaribia, wengi wananiuliza juu ya Ijumaa Kuu na juu ya Jumapili. Juu ya Jumamosi hakuna mwenye anauliza. Ijumaa tunasoma mateso, watu wanalia. Jumapili korali zinavaa kikwembe cha namna moja, kuku anachinjwa, nyumba inajaa wageni. Jumamosi imekuwa siku ya kufua nguo na kutafuta mafuta ya kupikia, basi. Mwezi huu nataka tukae kidogo hapo, kwa sababu mimi naona ile ni siku ya watu wa kwetu kuliko nyingine.

Angalieni kwanza majira. Kwa hesabu tunayofuata, Pasaka ni Jumapili ya kwanza nyuma ya mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi. Ndiyo sababu tarehe yake inatembea: mwaka 2024 ilikuwa 31 Machi, mwaka 2025 ilikuwa 20 Aprili. (Mwaka ule wa 2025 hata ndugu zetu Waorthodoksi, wenye hesabu yao nyingine, waliifanya siku moja na sisi.) Kwa sisi wa Lualaba maana yake ni kwamba Pasaka inatukuta mwisho wa mvua. Udongo umekunywa maji tangu Novemba, na kila mchimbaji anajua udongo wa namna hiyo unafanya nini. Tena Ijumaa Kuu haimo katika orodha ya sikukuu za serikali. Kijana anashuka shimoni siku ileile ya kukumbuka kifo cha Bwana wake, kusudi watoto wapate viatu vya Jumapili.

Hatuna lazima ya kufundishwa juu ya watu waliofunikwa. Tarehe 27 Juni 2019, kule KOV karibu na Kolwezi, udongo uliporomoka juu ya wachimbaji wa mikono, wakafa watu zaidi ya 40. Tarehe 15 Novemba 2025, kule Kalando, daraja lililojaa watu lilivunjika. Waliokufa walipita 30. Hayo yaliandikwa katika magazeti. Shimo dogo nyuma ya nyumba, lenye kufunika watu wawili usiku, nani ataliandika?

Mama mmoja, bwana yake alibaki chini na mwili haukutolewa, aliniuliza nyuma ya ibada: «Mchungaji, muliimba Bwana amefufuka, ni muzuri. Lakini mimi sina hata kaburi ya kupalilia. Pasaka yangu ni siku gani?»

Nilimwambia: Mama, ni Jumamosi. Kisha tukafungua Biblia pamoja.

Someni mwisho wa Luka 23, na Matayo pia. Mwili uliwekwa katika kaburi lililochongwa katika mwamba, kaburi la mtu mwingine, Yusufu wa Arimataya. Jiwe kubwa likawekwa mlangoni. Wanawake walipaona mahali, wakarudi, wakatayarisha manukato, na siku ya Sabato wakapumzika sawasawa na amri. Ni hayo tu. Matayo anaongeza kwamba wakubwa walikwenda kwa Pilato kuomba askari wa kulinda na kutia muhuri juu ya jiwe. Kumbe siku ile wenye nguvu walikuwa na kazi nyingi! Juu ya Petro, hata neno moja. Juu ya Mungu, kimya.

Sisi tunasoma tukijua tayari Jumapili inakuja, ndiyo sababu tunapita mbio. Wale mama hawakujua. Manukato yao yalikuwa ya maiti, hawakutayarisha feti. Marko 16 anaeleza kwamba njiani waliulizana nani atawaondolea lile jiwe. Hawakuwa na jibu, lakini hawakurudi nyumbani. Imani ya namna hiyo ninaiona kwa wajane wa kambi zetu: anaamka, anaweka maji motoni, anapeleka watoto ku masomo, na jiwe lingali pale pale.

Hapa nataka kusema wazi. Kuna wahubiri wanaopita katika migodi na kusema kwamba mtu akifunikwa na udongo ni juu ya dhambi yake, au juu ya sadaka asiyotoa. Wengine wanauza mafuta ya kupaka shimo kusudi lisianguke. Wasome Luka 13. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, na Bwana Yesu mwenyewe alikataa kwamba hao walikuwa waovu kuliko wengine wa Yerusalemu. Na mwenye kuuza mafuta hayo ashuke yeye kwanza.

Watu wengine wanaungama Kanuni ya Imani ya Mitume kila Jumapili, na wanafika mbio kwenye neno lile la kwamba Kristo alishuka mpaka mahali pa wafu. Kushuka! Ni neno la kazi yetu. Walimu wa kanisa wamelieleza kwa namna nyingi, nami sitaki kuingia katika mabishano yao. Kwangu inatosha kwamba hakuna chini ambako yeye hakufika. Na yule asiyekuwa na kaburi? Ufunuo 20 unasema bahari itatoa wafu waliomo ndani yake. Mwenye kuamuru bahari hatashindwa na udongo wa Kolwezi.

Najua katika jimbo letu kuna ndugu wa Garenganze, ambao kazi yao ilianzia Bunkeya mwaka 1886 na Arnot. Wao wanamega mkate kila siku ya Bwana, na wengi wao wanaona kila Jumapili ni Pasaka. Wana haki. Lakini mwenye kilio anahitaji pia siku ambayo kanisa lote linanyamaza pamoja naye.

Basi, wazee wa kanisa, tazameni michango ya feti mwaka huu. Kabla ya kununua kikwembe kipya cha korali, hesabuni nyumba zenye kilio, na nyumba ambako baba atashuka Ijumaa kwa kukosa unga tu. Na ninyi mama wa Nzilo mnaokwenda asubuhi kununua samaki ziwani, Jumamosi ile mpitie kwanza kwa mjane. Msipeleke mahubiri. Pelekeni unga wa bukari, samaki na sabuni, mkae naye chini mkekani mpaka jua lipungue. Kesho yake, korali ikisimama na yeye akibaki amekaa, mtu asimguse begani kumwambia asimame.