Spoti ya Mita Mia

Wauzaji wa boda za stima wana neno wanalolipenda kuliko hata bei: spoti. Liko kwenye mabango, liko kwenye kitufe cha usukani, na kijana akilibonyeza pale steji ya Migori, pikipiki inachomoka kama imeumwa na nyuki. Hapo sina ubishi. Mota ya umeme ina nguvu ya kuvuta tangu gurudumu likiwa bado limesimama, haina klachi wala gia za kuchezea. Mita mia za kwanza, ya petroli inabaki ikikohoa nyuma.

Sasa niambie, nani Migori analipwa kwa mita mia?

Kazi ya boda huku ni Rongo hadi Homa Bay na abiria wawili (sheria inasema mmoja, lakini tuwe wakweli). Ni Homa Bay hadi Mbita, upepo wa ziwa ukikugonga kifuani na gunia la omena nyuma. Ni kupanda Gwassi. Kwenye barabara hizo spoti inakunywa betri tu. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakusukuma nyuma mara nne, na nguvu ya kuishinda inapanda mara nane. Betri haisomi nembo.

Ujanja wenyewe uko kwenye bango. Kasi iliyoandikwa imetoka kwa hali ya spoti. Kilomita zilizoandikwa kando yake zimetoka kwa mwendo wa pole, dereva akiwa peke yake, barabara tambarare. Zote ni kweli, ila huwezi kuzipata safari moja, na hakuna anayekwambia hivyo kabla hujaweka sahihi ya mkopo.

Majina ya kuazima si ya boda pekee. Mwaka 2019 Porsche ilizindua Taycan Turbo, gari la umeme lisilo na tabo hata moja. Gari lina mbio kweli, na mwenye pesa ya kulinunua jina halimnyimi usingizi. Wa boda ana malipo ya kila siku.

Na asiniambie mtu kwamba nachukia umeme. Mwaka 2024 Roam Air, pikipiki ya Nairobi, ilienda hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, karibu kilomita 6,000, ikichajiwa kwa jua. Hiyo ndo sifa ya kujivunia, na ilitokana na mpango wa chaji. Pale Mbita, WeTu huchaji taa za wavuvi na pikipiki kwa sola bila kelele za mbio.

Basi waandike kilomita za spoti, na abiria, na mzigo, mlimani. Waandike pia betri nyingine iko wapi chaji ikikuishia Magunga saa mbili usiku. Herufi ziwe kubwa kama za hilo neno lao.