Kidonda si dagaa, msikianike juani!

Wadau, samahani kwa ukimya. Wiki mbili nilikuwa nachechemea. Bodaboda iliteleza nikienda mazoezi ya kufundisha, goti la kulia likachunika kama kiazi kilichomenywa.

Sasa niwaambie madaktari wa hosteli yetu. Wa kwanza akasema kiache wazi kipigwe na upepo, kikikauka kimepona. Wa pili, mwenzangu wa chumbani, akakata jani la mshubiri (alovera) nyuma ya bweni, akakamulia palepale pamoja na ule utomvu wa njano. Siku ya nne goti limevimba, linanuka, homa juu. Nesi aliyenisafisha alinisema kama mama yangu mzazi.

Nina ugomvi na wote wawili.

Huyu wa upepo kachelewa tangu 1962! Mwaka huo George Winter, huko Uingereza, alichapisha majaribio yake kwa nguruwe: vidonda vya juujuu vilivyofunikwa vikabaki na unyevu viliota ngozi mpya karibu mara mbili haraka kuliko vilivyoachwa wazi. Chembe za ngozi hutambaa penye unyevu. Ukikausha, zinalazimika kuchimba njia chini ya kigaga.

Ndiyo maana kuna haidrojeli. Ni wavu wa minyororo mirefu, mara nyingi ya sukari za mimea, uliojaa maji. Kidonda kikavu kinapewa unyevu, chenye majimaji kiasi kinanyonywa. Na jeli ile angavu ndani ya mshubiri ni maji karibu asilimia 99! Kwa hiyo mwenzangu alikuwa jirani kabisa na ukweli, na hilo ndilo linaloniuma. Jani halikuoshwa, kisu ni cha vitunguu, utomvu wa njano unawasha ngozi. Haidrojeli ya hospitali imesafishwa, vijidudu vimeuliwa, kilichomo kinajulikana. Msiniambie "lakini ni asili". Hata vijidudu vya pepopunda vinakaa udongoni, ni asili vilevile.

Halafu kuna hili la mwani. Kina mama wa Paje kule Zanzibar wanaulima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndani yake mna karajinani, kitu kinachoganda kuwa jeli, na watafiti wanakijaribu kutengenezea haidrojeli za vidonda. Sisi tunafanyaje? Sehemu kubwa tunauanika, tunaufunga kwenye magunia, tunausafirisha ghafi. Kukausha tena! Jamani, nani katuroga na jua?

Jumatatu narudi darasani, Kidato cha Pili. Mada ya siku si vidonda, ila nitaiba dakika kumi, maana watoto wale wanaanguka kila siku na ushauri wanaupata kwa watu kama madaktari wangu wa hosteli. Mwenzangu kanuna tangu ajue namwandika humu. Jani limebaki dirishani, limekauka.

Nawasilisha.