Pikipiki ya Afisa Elimu Kata Ipimwe kwa Mguu wa Nani?

Wasomi wenzangu, hasa nyie mnaosoma ualimu, leo sizungumzii bumu wala sapu. Nazungumzia kiti cha pikipiki. Najua wapo watakaocheka na kuuliza kiti cha pikipiki kinahusianaje na taaluma. Kinahusiana sana. Kwa mwanamke anayetaka kufanya kazi ya elimu vijijini, sentimita tano za kiti zinaweza kuamua kama atakuwa Afisa Elimu Kata au atashika chaki mpaka siku ya kustaafu.

Msimamo wangu ni huu. Pikipiki ya kazi za vijijini ichaguliwe kwa kumpima atakayeipanda na kuiangalia njia atakayopita, na mwanamke aulizwe kabla haijanunuliwa. Nasi wa kike tulioko vyuoni tujifunze kuiendesha sasa hivi, kabla barua ya ajira haijatukuta.

Mimi kwetu ni Mwamgongo, mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini tu mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Wageni wanaijua Gombe kwa sokwe na kwa Jane Goodall aliyefika pale mwaka 1960. Sisi tunaijua pia kama ukuta. Kati yetu na Kigoma mjini kuna hifadhi na milima, kwa hiyo kwa miaka mingi barabara yetu kuu imekuwa maji: unapanda boti Kibirizi, unabanana na magunia, madumu ya mafuta na kuku, unafika umelowa. Anayetaka kujua mwambao huu ulivyo akumbuke mwaka 2015. Wakimbizi kutoka Burundi waliporundikana Kagunga kwa makumi ya maelfu, meli kongwe ya MV Liemba ndiyo iliyowabeba kuwaleta Kigoma.

Sasa mweke Afisa Elimu Kata katika mazingira kama hayo. Kazi yake ni kuzungukia shule zote za kata: kukagua maandalio, kuona walimu wakifundisha, kuhesabu watoro, kufuatilia darasa la kwanza na la pili kama wanasoma kweli. Shule moja iko ufukweni, nyingine iko juu ya mlima. Boti inamfikisha kijijini tu. Kutoka hapo ni miguu au pikipiki, na njia yenyewe ni ya mawe, makorongo na mteremko unaoteleza masika.

Serikali inalijua jambo hili. Mwaka 2018 Waratibu Elimu Kata, ndio hao siku hizi tunaowaita Maafisa Elimu Kata, walipewa pikipiki 2,894 kupitia mpango wa LANES wa kuinua kusoma, kuandika na kuhesabu. Kabla ya hapo mradi wa EQUIP-Tanzania uliofanya kazi katika mikoa kadhaa, Kigoma ikiwemo, nao uligawa pikipiki kwa waratibu. Mwezi Aprili 2022 ikawa zamu ya maafisa ugani, pikipiki karibu 7,000. Hayo ni mambo mazuri na ninayapongeza bila kinyongo. Lakini pikipiki zinaponunuliwa kwa maelfu, hununuliwa kwa ajili ya mtu wa wastani, na huyo mtu wa wastani mara nyingi ana miguu ya kiume.

Namfahamu mama mmoja, afisa elimu katika kata ya milimani, siitaji ya wapi. Alikabidhiwa pikipiki ndefu ya porini. Akikaa juu yake, ncha za vidole ndizo zinazogusa ardhi, tena kwenye sakafu iliyo sawa. Ameanguka nayo mara mbili kwenye kilima, mara ya pili ikamlalia mguu. Sasa imefunikwa turubai uani na yeye anakodi bodaboda kwa pesa yake. Pesa ikiisha, shule za juu hazikaguliwi mwezi huo. Watu wanasema eti wanawake waoga. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupima kile kiti.

Basi tukipime. Wengi wetu tunaojua kuendesha tumejifunzia Boxer au TVS, kama mimi nilivyojifunzia Boxer ya kaka yangu baada ya kidato cha sita. Ni pikipiki nzuri, ngumu, na spea zake zinapatikana hata duka la mtaani. Lakini ilitengenezwa kwa barabara. Magurudumu yake ni ya inchi 17, shokapu zake ni fupi, na tumbo lake liko chini, kwa hiyo jiwe linaigonga mapema. Pikipiki kamili ya porini ina gurudumu la mbele la inchi 21 linalopanda juu ya jiwe badala ya kuligonga, ina shokapu ndefu, na injini yake imeinuliwa. Gharama ya kuinuliwa huko ndiyo inayomwangukia mtu mfupi: kiti nacho kinapanda.

Angalieni namba. Honda XR150L, ambayo ni kama nusu ya njia kwa kuwa mbele ina inchi 19, kiti chake kiko kama sentimita 82 na nusu kutoka chini. Yamaha XTZ125 kiko 84. Honda CRF250L kiko 87 na nusu. Mimi nina urefu wa sentimita 158. Likizo iliyopita nilipanda XTZ ya jirani yetu, nikawa nagusa kwa vidole. Baada ya wiki mbili nilikuwa naipeleka mlimani peke yangu. Hiyo CRF nisingeitaka kwa kazi hata kwa kupewa bure.

Tazameni uzito pia. XTZ125 ina kama kilo 118, CRF250L ina kama 144. Tofauti ni kilo 26, zaidi ya nusu mfuko wa saruji. Kwenye lami nusu mfuko wa saruji hauusikii. Utausikia pikipiki ikilala njiani, saa nane mchana, na hakuna mtu. Utausikia pia pale Kibirizi, vijana wanapoipakia kwenye boti.

Kwa hiyo kwa mwanamke anayehama kutoka Boxer kwenda pikipiki ya porini, mimi naweka majaribio manne. Yafanye dukani au uani kwa aliyenayo, kabla pesa haijatoka.

La kwanza, kaa juu yake umevaa viatu utakavyofanyia kazi. Si lazima nyayo zote mbili zilale chini. Ukiweza kusogeza nyonga upande mmoja na kukanyaga kwa unyayo mzima wa mguu mmoja, inatosha. Mlimani simama kwa mguu wa upande wa juu wa mteremko, maana huko ardhi imekufuata. Ukiweka mguu wa upande wa bonde, unaitafuta ardhi ambayo haipo, na pikipiki inakwenda nawe.

La pili, ilaze chini kisha uiinue mwenyewe. Igeuzie mgongo, chuchumaa, shika hendeli kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, halafu sukuma kwa miguu ukirudi nyuma. Usiinue kwa kiuno. Ikikushinda hapo uani, njiani itakushinda zaidi.

La tatu, iwashe. DT125 na AG100 ni za kiki tupu. Kupiga kiki kwenye pikipiki ndefu huku umesimamia mguu mmoja kwenye mteremko ni sarakasi. Lakini selfu tupu nayo inakuacha betri ikifa. Tafuta yenye vyote viwili, kama XR150L.

La nne, muulize fundi wa huko utakakokuwa, usimuulize muuzaji. Spea zake zinapatikana Kigoma mjini au zinaagizwa Dar es Salaam? Pikipiki inayosubiri klachi mwezi mzima ni sawa na huna pikipiki.

Kiti kikiwa kirefu kidogo, kinarekebishika. Fundi wa viti anaweza kupunguza sponji, na shokapu ya nyuma inaweza kulegezwa ili ishuke ukikaa. Sproketi kubwa zaidi ya nyuma inaifanya gia ya kwanza iwe ya taratibu, upande mlima bila kubana klachi muda wote. Ila msishushe kupita kiasi, maana mkiishusha sana mnarudi kwenye Boxer: mawe yanagonga tumbo tena.

Zipo pia pikipiki ambazo watengenezaji walifikiria kazi kwanza. Yamaha AG200 ilitengenezwa kwa ajili ya wakulima na wafugaji: ina keria mbele na nyuma, cheni iliyofunikwa, na stendi za pembeni mbili, moja kila upande, ili uweze kuiegesha mlima uinamie huku au kule. Haina mbwembwe, na vijana hawaigeukii ikipita. Mimi naiona kama pikipiki iliyotengenezwa na mtu aliyewahi kufika kwetu.

Nasema hivi kwa sababu kuna ugonjwa wa kudhani kupanda daraja ni kuongeza cc. Mfaransa Anne-France Dautheville alisafiri mwaka 1972 kutoka Paris kwenda Isfahan, Iran, na Moto Guzzi ya cc 750. Mwaka uliofuata alipoamua kuizunguka dunia peke yake, alichukua Kawasaki ya cc 125. Aliyekwisha kuendesha kubwa alichagua ndogo kwa safari ndefu zaidi. Kupanda daraja maana yake ni kufika ulikokuwa hufiki.

Najua hoja za upande wa pili. Wapo wanaosema mwanamke akodi tu bodaboda, madereva wale wanafika popote. Ni kweli wanafika, na nawaheshimu. Lakini ofisa anayemtegemea dereva hukagua shule siku ambayo dereva ana nafasi na nauli ipo. Tena walimu wakimwona dereva anajaza mafuta, wanajua ugeni unakuja.

Wengine wanasema porini peke yake si salama kwa mwanamke. Hofu hiyo ni ya kweli, siibezi. Lakini mwanamke anayetembea kwa miguu njia hiyohiyo hadi giza linamkuta yuko salama zaidi? Pikipiki inayomtosha inamrudisha nyumbani mapema.

Wapo wanaosema serikali haiwezi kumnunulia kila mtu ya kwake. Hakuna anayeomba hivyo. Katika ununuzi wa maelfu, sehemu fulani iwe ya kiti kifupi na selfu, na fomu ya kukabidhiwa iwe na swali moja la urefu. Sare za jeshi zinakuja saizi tofauti, viatu vya mgambo vina namba. Iweje pikipiki tu ndiyo iwe saizi moja?

Jambo lenyewe hasa ni hili. Kazi ya Afisa Elimu Kata ni ngazi. Anayekagua shule vizuri anaonekana, anapanda hadi halmashauri, na huko ndiko maamuzi ya shule zetu yanakofanyika. Mwanamke akiikimbia kata ya milimani kwa sababu ya pikipiki, amekimbia na hizo ngazi za juu. Kule halmashauri hakutakuwa na mtu anayejua choo cha wasichana cha shule ya juu kimebomoka, kwa sababu aliyepaswa kukiona hakufika. Anayechagua pikipiki, ajue asijue, anamchagua na ofisa.

Nasi tusisubiri huruma. Darasani kwetu tunafundishwa saikolojia, mitaala na upimaji, na ninavipenda. Hakuna aliyetufundisha kuvuka korongo. Wenzetu wa kiume wengi wamejifunza mtaani tangu wakiwa wadogo, hakuna aliyewaambia wakae vizuri sketi itapanda. Sisi tunaanza nyuma, kwa hiyo tunahitaji pa kuanzia.

Naiomba serikali ya wanafunzi mambo mawili, yote yako ndani ya uwezo wake. Kwanza, iongee na chuo cha udereva kilicho karibu, tupate bei ya kikundi ya mafunzo ya pikipiki kwa wanafunzi wa ualimu, wa kike wapewe kipaumbele, mpaka leseni. Leseni zenyewe zina madaraja: A1 ni ya pikipiki zisizozidi cc 125, zinazozidi hapo zinataka daraja A. Mtu akiajiriwa na XR150 akiwa na A1, hata trafiki hatamwelewa. Pili, kabla ya kwenda fildi mwaka huu, ipatikane siku moja ya uwanjani, na pikipiki mbili tatu za urefu tofauti, kila anayetaka akae, ailaze na aiinue mwenyewe.

Hiyo siku ikipatikana mimi nitakuwa wa kwanza kufika, na nitakuja na tepu ya fundi cherehani. Dada zangu, njooni na viatu vya kufunika vidole.