Nyantende: mwenye homa apimwe sukari pia

Huko Nyantende, karibu na mji wa Bukavu, mwenye homa akifika kituo cha afya anatobolewa kidole ili apimwe malaria. Tone lingine la damu hiyo lingetosha kupima sukari.

Sukari ikipanda sana, chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, zinalegea na virusi vinapata nguvu. Ugonjwa nao unapandisha sukari zaidi. COVID-19, iliyoingia Kongo Machi 2020, ilionyesha hayo ulimwenguni kote: wenye kisukari walizidiwa na kufa kuliko wengine.

Hatari kubwa ni kutojua. Barani Afrika, zaidi ya nusu ya wenye kisukari hawajui kama wanacho.

Serikali ya jimbo na wakubwa wa zone ya afya wapeleke mashine za kupima sukari, pamoja na vibandiko vyake, hadi vituo vya vijijini. Mashine bila vibandiko ni pambo la mezani. Na anayetumia insulini asiiache kwa sababu homa imemkatisha hamu ya chakula. Amuone muganga haraka.