Kabla ya Kusema "Gesi Imeisha"



Leo naomba tutoke kidogo katika masomo yetu ya kawaida tuingie jikoni. Pengine mtasema, mwalimu wa madrasa na friji wapi na wapi? Nisubirini, kwani jambo lenyewe lilianza na amana.

Miaka michache iliyopita, siku ya Idd el-Adha, familia tano za mtaani kwetu hapa Kampala zisizo na friji ziliniletea mafungu yao ya nyama niwahifadhie. Tukajaza juu na chini, hadi mlango ukafungwa kwa kusukumwa na goti. Kesho yake mama watoto akaniambia, "Baba watoto, maziwa yamechacha." Nikatazama: friza juu ina barafu tele, lakini chini ni joto kama kabatini.

Nikamwita fundi. Kabla hajainama nikamwambia, "Gesi imeisha." Akajibu, "Ndiyo, Ustadhi." Akaunganisha mpira wake, akalipwa, akaenda zake. Baada ya siku mbili nyama ya chini ilikuwa inanuka. Nilipita mlango hadi mlango kuomba radhi, na nikailipa nyama ya watu.

Baadaye mwanafunzi wangu wa zamani, anayesomea umeme, alikuja kuitazama akatabasamu. "Ustadhi, kama gesi imeisha, barafu ya friza imetoka wapi?" Sikuwa na jibu. Akanieleza kuwa friji haitengenezi baridi, bali huchukua joto la ndani na kulitoa nje. Katika friji za aina yangu, koili ya baridi iko nyuma ya friza, na feni ndiyo inayosukuma baridi hiyo hadi chini. Mpira wa mlango wangu ulikuwa umepasuka, hewa yenye unyevu ikaingia, ikawa barafu, na barafu ikaziba njia. Tulizima, tukaacha milango wazi siku nzima, maji yakatiririka. Tulipoiwasha ikapoa, na mpira mpya ukamaliza kazi.

Ndugu wengine waliniambia nimlaumu fundi. Mimi sikubali kumbebesha yeye peke yake. Nani aliyetoa fatwa bila elimu? Ni mimi! Yeye kosa lake ni kuitikia. Tunawafundisha watoto kusema "sijui" katika dini, lakini katika mambo ya nyumbani kila mmoja wetu ni mufti.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba kila nyumba ijue mambo machache kabla ya kuita mtu.

Kwanza, umeme. Taa ya ndani inawaka? Ukisikia mashine inajaribu kuanza, inagonga "tk" kisha inanyamaza, huenda umeme ni mdogo au kifaa cha kuwashia kompresa kimechoka. Umeme ukikatika na kurudi, ngoja kama dakika tano ndipo uwashe.

Pili, kitufe cha kupimia baridi. Kwa kawaida namba kubwa ni baridi zaidi, wala si joto zaidi. Wengi tunakosea hapa.

Tatu, mlango. Bana karatasi kwenye mlango kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umelegea. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na ukiwa umepasuka ubadilishwe. Mlango unaovuja hufanya mashine isipumzike, na uniti za Yaka huisha usizione zimekwenda wapi.

Nne, nyuma na ndani. Futa vumbi kwenye koili za nyuma baada ya kuchomoa waya, isogeze kutoka ukutani, na usiiweke jirani na sigiri. Ndani acha nafasi hewa ipite, wala usiingize sufuria ya moto.

Tano, barafu ikizidi, zima na usubiri. Usiichokonoe kwa kisu! Ukitoboa bomba, hapo ndipo gesi itakapotoka kweli.

Kama mashine inanguruma kutwa na hakuna baridi popote, hapo mwite fundi. Lakini jua kwamba gesi ya friji haiishi kama ya kupikia. Imefungwa ndani ya mabomba, na ikipungua maana yake inavuja. Basi muulize, "Inavuja wapi?" Akiongeza bila kuziba tundu, mtakutana tena. Na asome kibandiko: gesi iitwayo R600a huwaka moto, haitaki mzaha.

Kuhusu chakula, friji iwe na nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake, na friza 18 chini ya sifuri. Sisi tunaokumbuka mgao wa umeme wa 2006, Ziwa Viktoria lilipopungua maji na mitambo ya Jinja ikazalisha kidogo, tulijifunza kutofungua mlango ovyo. Friji iliyofungwa huhifadhi chakula kama saa 4, na friza iliyojaa kama saa 48. Nyama iliyokaa kwenye joto na kuharibika msiichemshe mkidhani imetakasika, kwani zipo sumu ambazo moto wa jikoni hauziondoi. Kutupa chakula kunauma, lakini israfu ilitokea pale tulipopuuza mlango, si pale tulipokinusuru matumbo ya watoto.

Na nyinyi mafundi, ndugu zetu, mteja akikwambia "gesi imeisha", mwambie, "Ngoja kwanza nitazame." Neno hilo ni amana, na lingeniokolea nyama ya majirani watano.

Idd iliyofuata waliniletea tena mafungu yao. Safari hii nilianza na karatasi mlangoni.

Wabillahi tawfiq.