Mashini Nzito Katika Kona za Milimani

Chukueni uzi mrefu, ulazeni mezani kwa umbo la upinde, kisha vuteni ncha zake mbili. Mara upinde unanyoka. Jambo hilo dogo ndilo linalowahangaisha waendeshaji wa garimoshi milimani.

Wengi hudhani ya kuwa garimoshi huanguka konani kwa sababu ya mbio tu. Lakini mlimani treni nzito hupanda polepole, na hatari bado ipo. Mashini za mazuti zinavuta mbele kwa nguvu zote, na nyuma mzigo wa maelfu ya tani unakataa kupanda. Mabehewa ya katikati ndiyo uzi wetu: yanataka kunyoka, yaani kuikata kona kwa ndani. Behewa lililojaa hustahimili kwa uzito wake. Behewa tupu, tena refu, likitangulia mbele ya yale mazito, laweza kuinuliwa na kutolewa relini. Wakati wa kushuka mambo hugeuka: mashini zinazuia, mzigo unasukuma, na behewa jepesi husukumwa upande wa nje.

Mashini yenyewe nayo ina taabu yake. Magurudumu mawili na mhimili wao ni kitu kimoja. Konani gurudumu la nje lina njia ndefu kuliko la ndani, basi kona ikiwa kali moja huteleza. Mashini ya Kimarekani iitwayo SD40-2, iliyoanza kutengenezwa 1972, ina mihimili sita, mitatu mbele na mitatu nyuma, kila mitatu imefungwa sambamba. Mihimili ya namna hiyo haipendi kupinda. Ukingo wa gurudumu husugua reli hata chuma kikalia, na vyote viwili vikalika. Katika miaka ya 1990 zilianza kuuzwa mashini ambazo mihimili yake hujigeuza kidogo kuifuata kona.

Kosa la milimani haliishii relini. Usiku wa tarehe 14 Julai 1991, huko California, treni iliacha reli katika kona kali ya Cantara, penye daraja la mto Sacramento. Tangi moja likaanguka mtoni na kupasuka. Lita zipatazo 72,000 za dawa ya kuua magugu na vijidudu vya udongoni zikamwagika. Samaki zaidi ya milioni moja wakafa, katika kilomita 60 hivi za mto. Baada ya hapo, mpangilio wa mabehewa ukawa jambo la kuchunguzwa kwa makini. Nami nashangaa kwamba lilingojea samaki wafe.

Dawa mojawapo ni kuzigawa mashini: nyingine mbele, nyingine katikati au mkiani, zikitawaliwa kwa redio na mwendeshaji mmoja. Hivyo uzi hauvutwi wote kwa ncha moja.

Dawa nyingine, ya gharama kubwa, ni kuinyosha njia yenyewe. Wazee wetu waliiona kazi hiyo hapa Kongo, kabla ya mashini za mazuti. Njia ya Matadi hadi Léopoldville, iliyojengwa 1890 hadi 1898, ilikuwa nyembamba na yenye kona kali mno. Kati ya 1923 na 1932 ikajengwa upya, reli zikapanuliwa kufikia milimita 1,067, na kona zikalegezwa, mlima kwa mlima, kwa mikono ya watu.